Bi Bahasha na Mstari wa Mwisho

Katika idara ile ya fasihi na utamaduni walikuwapo maprofesa wanne, wahadhiri tisa na Bi Bahasha. Jina hilo lilikuwa la utani, lakini lilikuwa limekaa midomoni mwa watu miaka mingi kiasi kwamba hata barua za utawala nusura zimwandikie hivyo. Alikuwa mhazili wa jarida la idara. Kila karatasi iliyopita mikononi mwake, hata ile ya kumkumbusha mhadhiri kikombe alichokisahau jikoni, aliitia kwenye bahasha, akaifunga, akaandika juu yake kwa herufi zilizosimama wima.

"Karatasi isiyovaa kitu," alizoea kusema, "inasomwa na kila anayepita."

Walimcheka, naye alicheka nao. Lakini wote walijua kwamba jarida lilisimama kwa sababu yake. Wahariri walikuja na kuondoka, mmoja na makeke, mwingine na usingizi, mwingine na safari zisizokwisha, na kila mmoja alipokabidhiwa ofisi aliambiwa jambo moja tu: ukikwama, muulize Bi Bahasha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kufuta majina. Msomi alipoleta makala, iwe juu ya riwaya, juu ya maigizo ya redioni au juu ya maandishi ya kwenye kuta za mji, Bi Bahasha aliliondoa jina lake na kuipa makala namba. Jina na namba vilikaa pamoja katika daftari moja jeusi, na daftari lilikaa katika kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulikaa katika pochi yake. Halafu makala ilikwenda kwa wasomi wawili wa kuitathmini, nao majibu yao yaliporudi, Bi Bahasha aliyafuta majina yao pia kabla ya kumfikishia mwandishi. Mwandishi hakumjua mtathmini, mtathmini hakumjua mwandishi. Aliyewajua wote ni yeye peke yake, na yeye hakuwa na mdomo.

Si kazi ndogo, maana wasomi, asikwambie mtu, hawawezi kujificha. Mtu anafuta jina lake ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa wa tatu anaandika, "kama nilivyothibitisha bila shaka yoyote katika kitabu changu." Bi Bahasha aliyawinda maneno kama hayo kama mtu anayechambua mchele. Zamani alitumia mkasi na wino mweupe. Siku hizi ilikuwa kompyuta, nayo ina siri zake za kutaja mwenye faili hata ukiwa umemfuta, lakini hizo nazo alikwisha kuzijua.

Mmoja tu hakuhamia kwenye kompyuta, naye alikuwa Profesa. Maprofesa walikuwa wanne, lakini mtu akisema "Profesa" bila kuongeza neno, alikuwa ni yule: mrefu, mkavu, mwenye fimbo, aliyekuwa amemfundisha karibu kila mtu katika jengo lile. Tathmini zake aliziandika kwa mkono, kwa wino wa kijani. Mwandiko ule ulijulikana na vizazi vitatu vya wanafunzi, kwa hiyo usingeweza kumfikia mwandishi yeyote bila kumtaja mwenyewe. Ndiyo maana tathmini za Profesa alizichapa Bi Bahasha, neno kwa neno. Asili ilibaki katika faili, nakala iliyochapwa ilikwenda. Sheria ilikuwa nyepesi kuelewa: usiongeze nukta, usipunguze nukta.

Katika miaka ishirini na nane Bi Bahasha aliivunja sheria hiyo mara moja.

Habari yenyewe ilianzia kwenye kongamano la mwaka, miaka kumi na tisa nyuma. Profesa alikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliyempenda kuliko wote, ingawa mapenzi yake alikuwa akiyaonyesha kwa kumkosoa mara mbili zaidi ya wengine. Binti huyo alikuwa haanzi jambo bila kuuliza. Sentensi ya kwanza ya kila alichoandika ilikuwa swali, hata barua ya kuomba likizo. Wenzake wakamwita Binti Swali. Siku hiyo alisoma makala yake ya kwanza mbele ya ukumbi uliojaa, juu ya nyimbo za kubembelezea watoto. Alikuwa amezipanga kwa majedwali, amehesabu mizani, amechora mishale. Alipomaliza, Profesa alisimama.

"Umezisoma nyimbo hizi kama mtu anayesoma risiti," alisema. "Yuko wapi mama aliyechoka? Yuko wapi mtoto?"

Watu waliinamisha vichwa. Binti Swali alikuwa na miaka ishirini na tisa, na machozi yalikuwa karibu, na mtu akiwa hivyo ulimi wake haumsikilizi.

"Mwalimu," alijibu, "wewe umezisoma miaka thelathini. Umewahi kumwimbia nani?"

Ukumbi ulicheka. Kilikuwa kicheko cha kushtuka tu, si cha kumdhihaki mzee, lakini kicheko ni kicheko. Profesa hakuwa na mtoto, na wakubwa pale walijua kwamba yeye na marehemu mkewe walizika wawili. Binti Swali hakujua. Profesa alichukua fimbo yake akatoka, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Binti alipoambiwa baadaye alichokuwa amekisema, aibu ilimzidi hata akashindwa kwenda kuomba radhi. Naye Profesa aliona kwamba binti hakuja. Basi ikawa hivyo. Kwenye makongamano Bi Bahasha alipanga ratiba wasikutane kikao kimoja, na wakati wa chai mmoja alisimama upande wa dirisha na mwingine upande wa mlango.

Miaka miwili baada ya ugomvi, Binti Swali alikuja ofisini kwa Bi Bahasha na makala mkononi na mtoto mgongoni. Alikuwa amehamia chuo kingine, hana kazi ya kudumu, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Dada," alisema, maana siku hizo Bi Bahasha alikuwa bado dada, "hii ndiyo ya mwisho. Wakiirudisha, naachana na mambo haya. Shangazi ana duka la vitambaa, amesema nikamsaidie."

"Duka la vitambaa si baya."

"Si baya. Ila silo."

Bi Bahasha alimpokea mtoto ili mama apate kujaza fomu. Mtoto aliuchomoa ufunguo wa kabati pochini, akakitafuna kishikio chake cha plastiki. Makala ikapewa namba 212, na mhariri wa wakati huo, yule wa safari, akatazama ikisiri bila kutazama sana, akasema, "Nyimbo za watoto? Mpelekee Profesa." Bi Bahasha alifungua kinywa, akakifunga. Kusema kwa nini isiende kwa Profesa ingekuwa kumtaja mwandishi. Akaitia kwenye bahasha.

Tathmini ilirudi baada ya wiki tatu, kurasa mbili za kijani. Bi Bahasha aliichapa na roho juu. Ilikuwa kali, lakini alipoichapa aligundua kwamba haikuwa ya chuki. Profesa alikuwa ameisoma makala ile kama mtu anayekagua nyumba atakayoihamia: hapa panavuja, hapa ukuta umepinda, huu mlango ni mzuri usiuguse. Mwisho aliandika: "Mwandishi anajua kusoma. Bado hajajua kusikiliza. Arekebishe kisha alete tena." Chini ya hapo, robo nzima ya ukurasa ilikuwa tupu.

Bi Bahasha alikaa akiitazama ile robo. Akamkumbuka mama na mtoto wake mgongoni. Na kwa kuwa moyo hauna adabu, ukamrudisha mbali zaidi, kwenye darasa la shule ya sekondari, alipokuwa na miaka kumi na sita. Aliandika insha siku hiyo, kurasa saba, juu ya bibi yake. Aliiandika kwa wiki nzima. Ilirudi na mistari myekundu tangu juu hadi chini, na mwishoni alitafuta neno, neno lolote la kumwambia kwamba kuna mtu alimsoma. Hapakuwa na kitu. Hakuandika tena. Alijifunza kuchapa, na akayachapa ya wengine maisha yake yote. Hakujutia sana, ila ile nafasi tupu ya chini alikuwa anaijua.

Vidole vyake vikaandika mstari mmoja: "Nakuomba usiache kuandika, nitasubiri kusoma kazi yako nyingine."

Akaitoa karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga haraka kabla akili haijarudi.

Miaka kumi na saba ikapita. Makala namba 212 ilirekebishwa ikatoka, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine. Binti Swali akawa daktari, akawa profesa, mtoto wa mgongoni akawa kijana wa kunyoa ndevu. Bi Bahasha akatoka kuwa dada akawa mama wa kila mtu, na mwaka huo, mwisho wa mwezi, alikuwa anafunga virago kustaafu. Kongamano la mwaka lilikuwa lake la mwisho. Na mzungumzaji mkuu, kama ratiba aliyoichapa mwenyewe ilivyoonyesha, alikuwa Binti Swali.

Asubuhi ya siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Profesa alikuwa amekaa safu ya nyuma karibu na mlango, mikono yote miwili juu ya fimbo. Watu walidhani hatakuja. Bi Bahasha alisimama penye meza ya chai, akihesabu vikombe ili asionekane anasikiliza.

Binti Swali alianza, kama kawaida yake, kwa kuuliza. "Ni nani aliyewahi kuokolewa na mtu asiyemjua?"

Kisha akasimulia. Akataja duka la vitambaa na watu wakacheka. Akasema alifungua bahasha ya jarida akiwa amesimama kituo cha basi, na akasoma kurasa mbili zilizomvua nguo mbele ya nafsi yake. "Mwandishi anajua kusoma," alisema kwa moyo, bila kutazama karatasi. "Bado hajajua kusikiliza." Kule nyuma, Profesa aliinua kichwa. Ndevu zake zilitikisika kidogo, na kwa wanaomjua hilo lilikuwa tabasamu.

"Lakini chini kabisa," Binti Swali aliendelea, na sauti yake ikapungua, "palikuwa na mstari mmoja. 'Nakuomba usiache kuandika, nitasubiri kusoma kazi yako nyingine.' Ndugu zangu, mimi nimeandika vitabu vinne kwa sababu kulikuwa na mtu ananisubiri. Kila nikichoka nasema, yuko mtu, simjui, anasubiri. Nataka kumjua kabla hajafa au sijafa. Mhariri, inawezekana?"

Watu walipiga makofi. Mhariri wa sasa, kijana mwenye suti mpya na moyo mwepesi, aliruka jukwaani. "Mtathmini mwenyewe akiridhia, kwa nini isiwezekane? Jalada liko, Mama yetu hapotezi kitu! Kesho asubuhi ukurasa wenyewe tutauonyesha hapa ukutani!" Makofi yakazidi.

Bi Bahasha hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Profesa, na Profesa alikuwa amegeuza shingo polepole akimtazama yeye. Mzee yule alikuwa anakumbuka kila sentensi aliyoandika tangu ujana wake, na mstari ule alijua haukuwa wake. Bi Bahasha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoinua macho tena, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Jioni, jua likiwa bado lipo, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye kibanda cha mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, lenzi jichoni tangu asubuhi. Siku hizi saa za kutengeneza zilikuwa chache, lakini alifungua kibanda kila siku kwa sababu, alisema, saa haziwezi kujua kwamba hazitakiwi.

"Mume wangu," alisema akivuta kigoda, "nimewahi kukwambia siri ya ofisini?"

"Hata rangi ya kabati sijawahi kuambiwa."

"Leo nakwambia."

Akamwambia yote. Mumewe alisikiliza bila kutoa lenzi. Alipomaliza, fundi alitikisa kichwa.

"Kwa hiyo miaka thelathini na tatu nimelala na mhalifu."

"Usinichekeshe, baba. Presha yangu imepanda."

"Ufunguo unao wewe?"

"Ninao."

"Na hapo ofisini ipo ile mashine ya kukata karatasi."

"Ipo. Iko karibu na kabati."

"Basi ukurasa ukipotea, umepotea. Baada ya wiki mbili wewe si mtu wa pale."

Bi Bahasha aliutazama ufunguo uliokuwa kiganjani mwake, na kwenye kishikio alama ndogo za meno ya mtoto ambazo hakuna mtu mwingine aliyejua ni za nini. "Nikiuchana, nimekuwa mwongo mara mbili. Nikiuonyesha, yule mwanamke ataona kwamba hakuna msomi aliyemsubiri. Ni mchapaji tu, hata darasa la juu sikufika. Nihukumiwe mimi, sawa. Lakini yeye nitakuwa nimemnyang'anya kitu."

Fundi alitoa lenzi mwishowe. "Wakati mwingine nafungua saa ya mtu, nakuta ndani skrubu ambayo si ya kiwandani. Kuna fundi aliitia. Nikiona inafanya kazi, siiondoi. Lakini mwenye saa akiniuliza, namwambia ipo." Akalipuliza vumbi la saa aliyokuwa ameishika. "Na huyo unayemwita mchapaji tu, siku nyingine usimwite hivyo mbele yangu."

Bi Bahasha alilia kidogo, akapangusa macho, wakafunga kibanda pamoja.

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa ofisini. Alifungua kabati, akatoa jalada namba 212. Kurasa mbili, kijani kimefifia kidogo pembeni, na ile robo tupu ikiwa vile vile ilivyokuwa. Mashine ya kukata karatasi ilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Bi Bahasha alipiga moyo konde, akaichomoa waya ukutani, akachukua bahasha ya kaki na kuzitia zile kurasa ndani. Alikuwa anaandika jina la Profesa juu yake ndipo aliposikia fimbo koridoni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba." Mzee hakukaa. "Lete kilicho changu."

Alimpa. Profesa aliifungua bahasha, akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili pale pale, amesimama, bila kuruka neno. Nje wafagiaji walikuwa wanasogeza viti vya ukumbini.

"Nilikuwa mkali," alisema.

"Ulikuwa mkali, Profesa."

"Mstari haupo."

"Haupo." Bi Bahasha alishika ukingo wa meza. "Niliuandika mimi. Hakuna aliyenituma. Nimevunja sheria ya jarida, na nimekuwekea mdomoni maneno yasiyo yako, na nimekaa nayo miaka yote hii nikikupa chai kila Jumanne kama mtu safi. Adhabu yoyote mtakayonipa naipokea. Nakuomba jambo moja tu. Yule binti mwache na mstari wake. Niite mwongo mbele ya Mhariri, mbele ya kamati, lakini yeye asijue. Mstari huo umemshika mkono miaka kumi na saba."

Profesa alivuta kiti akakaa.

"Unajua kwa nini hapa chini pako wazi?"

"Nilidhani ulikuwa umemaliza."

"Sikuwa nimemaliza. Nilijua ni yeye tangu sentensi ya kwanza. Nani mwingine anafungua makala kwa swali?" Alipitisha kidole juu ya ile nafasi. "Nyinyi mnafuta majina mnadhani mmetuficha. Siku mbili nilikaa na karatasi hii. Nilitaka kumwandikia neno. Kila nikishika kalamu nasikia ule ukumbi unacheka. Nikasema, akija kuniomba radhi nitamwambia kwa mdomo. Nikakuletea pakiwa pameachwa wazi."

"Naye aliona haya kuja."

"Najua. Niliambiwa mwaka huo huo kwamba hakujua habari za watoto wangu. Ningeweza kwenda mimi. Jana nilipousikia ule mstari nilikasirika. Nilitoka nikiwa nimekasirika. Nimefika nyumbani ndiyo nikajua kinachoniudhi si kwamba uliandika maneno yasiyo yangu. Kinachoniudhi ni kwamba yalikuwa yangu, na mtu mwingine alikuwa na ujasiri wa kuyaandika."



Profesa akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu. Akailaza karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Nisomee."

"Unataka nini, Profesa?"

"Nisomee mstari. Polepole. Mkono wangu siku hizi ni mzito."

Kwa miaka ishirini na nane Bi Bahasha alikuwa amenakili maneno ya mtu huyu. Sasa alisimama kando yake, akasema moja moja, naye mzee akaandika. Nakuomba. Usiache. Kuandika. Herufi zilitoka kubwa kubwa, kama za mwanafunzi. Alipofika "nitasubiri," akasimama.

"Ulisubiri kweli? Au uliandika tu?"

"Kila toleo likija kutoka kiwanda cha uchapaji, kabla sijakagua kitu, natafuta jina lake kwenye yaliyomo."

"Na mimi," alisema Profesa. "Kila toleo." Akamaliza mstari. Chini yake akaweka sahihi, na chini ya sahihi akaandika tarehe. Aliandika ya siku hiyo, si ya zamani, mwaka na yote.

"Sasa Mhariri anaweza kuuonyesha," alisema. "Kila kilichomo ni kweli, na aliyechelewa anaonekana." Akainuka kwa fimbo. "Yuko wapi?"

"Chumba cha wageni, anakunywa chai."

Bi Bahasha kwa mazoea aliinyanyua ile bahasha ya kaki, akaifungua mdomo tayari kuipokea karatasi.

"Acha," alisema Profesa. "Nitaibeba hivi hivi."

"Itasomwa na kila anayepita, Profesa."

"Na isomwe. Na wewe twende. Sitamdanganya kwamba niliwahi kuwa mwema peke yangu."

Alitaka kukataa. Alitaka kusema ana vikombe vya kuhesabu. Lakini mzee alikuwa amekwisha kutoka, karatasi inapepea mkononi mwake, na wino bado mbichi, na Bi Bahasha akamfuata nyuma na bahasha yake tupu.

Binti Swali aliwaona kabla hawajafika mlangoni. Aliweka kikombe chini. Watu wawili waliokuwa naye mezani walitazamana, maana kila mtu katika taaluma ile alijua nani hasalimiani na nani. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Ilikuwa shikamoo ya miaka kumi na tisa, na Profesa aliipokea kama inavyostahili, akiwa amevua miwani. "Marahaba, mwanangu." Akampa karatasi.

Alisoma ukurasa wa kwanza kwa haraka, kama mtu anayepita njia aliyoizoea. Ukurasa wa pili alisoma polepole zaidi. Alipofika chini, kidole chake kiligusa mstari wa mwisho, kikatoka na kijani. Akakitazama kile kidole. Akaitazama tarehe. Akamtazama Profesa.

"Nimechelewa," alisema mzee. "Lakini kuna mtu aliyeuandika mapema kwa niaba yangu, bila kunitaja." Akasogea kando kidogo, ili aliyekuwa nyuma yake aonekane.

Bi Bahasha alisimama mlangoni, mikono yake haijui pa kwenda, akiikunjakunja ile bahasha. Alikuwa amejiandaa kuulizwa. Alikuwa amepanga majibu, la kwa nini, la nani alikuruhusu, la wewe ni nani hata unisubiri mimi.

Lakini Binti Swali, ambaye maisha yake yote hakukosa swali, hakuuliza kitu. Alivuka chumba na karatasi mkononi, akamkumbatia, na kidole chake chenye wino kikaacha alama ya kijani begani mwa gauni jeupe la Bi Bahasha, gauni ambalo baadaye mumewe alitaka kulipeleka kwa dobi, naye akamkatalia.